Kisu cha Mkono Uliofumba

Niseme ukweli mapema, nisije nikasifiwa bure: mikono yangu haikuwahi kutengeneza kitu. Miaka thelathini na minne nimeshika chaki na daftari la mahudhurio, nikifundisha Historia katika shule za vijijini upande wa Tosamaganga. Rafu ya vitabu niliyoipigilia mwenyewe mwaka niliooa ilianguka wiki hiyohiyo, na mke wangu Lusia alicheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo ukisikia hapa Mafinga kuna mwalimu mstaafu, mzee wa miaka sitini na tatu, anayefua kisu motoni, ujue ni mimi Liberatus, na ujue nilisukumwa.

Kilichonisukuma ni mboga za majani.

Huku kwetu mboga haikatiwi ubaoni. Mwanamke anashika fungu la chainizi kwa mkono wa kushoto, analibana likaze, kisha kisu kinapita kwa mkono wa kulia, hewani, karibu kabisa na vidole, na mboga inadondoka bakulini. Wote wanakata hivyo. Lakini Lusia! Jamani, Lusia alikuwa anakata mboga nyuzinyuzi, nyembamba, huku anakuangalia wewe usoni na kukusema kuhusu vifungo vya shati lako. Kukiwa na harusi au msiba, akina mama wa jumuiya walikuwa wanaosha mboga, wanasubiri Mama Aroni, ndiye Lusia, afike. Hakuna aliyethubutu kuanza.

Februari mwaka jana kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mungu mkubwa, maneno yalirudi. Mguu ukarudi nusu, anatembea na fimbo. Mkono haukurudi. Bega linanyanyuka kidogo, kiwiko kinakunja, lakini vidole vilifumba ngumi vikabaki hivyo. Mtaalamu wa mazoezi alitufundisha namna ya kuvifungua tukitaka kuuosha: unainamisha kiganja kwa ndani kwanza, taratibu, na vidole vinalegea vyenyewe. Ukivuta kwa nguvu, vinakaza zaidi.

Siku moja Lusia akamwita Eveline, binti wa kaka yake aliyekuja kutusaidia, akamkabidhi visu vyake vyote. "Jiko hili lako sasa," akamwambia. "Mimi nimemaliza." Hakulia. Wiki iliyofuata akasema kiti chake kisitolewe tena barazani. Kisha akaacha kuja sebuleni. Kisha akaacha kunisema. Nikimletea chai, asante. Nikimletea uji umeungua, asante, halafu anageukia ukuta. Mtu haachi dunia yote kwa siku moja, anaacha kitu kimoja kimoja, na mimi nilikuwa naona. Niliogopa, sioni aibu kusema. Niliogopa nitampoteza mke wangu angali anapumua.

Nikanunua visu sokoni, vitatu, kimoja kina mpini mnene wa plastiki. Havikufaa. Asante, asante, asante. Ndipo nikaenda kwa Andendekisye.

Huyu ni fundi chuma, kijana wa Kinyakyusa. Zamani alikuwa Makongolosi kule Chunya, anawachongea wachimba dhahabu moko za kuvunjia mwamba. Sasa kibanda chake kiko nyuma ya viwanda vya mbao, kwenye vilima vya maranda. Fuawe lake la kupigia chuma ni kipande cha reli. Moto wake anaupuliza kwa mashine ya kukaushia nywele aliyoitoa saluni ya dada yake, na ukicheka anakasirika.

"Ugonile, Mwalimu," akanisalimia kwa kwao.

"Kamwene," nikamjibu kwa kwetu. Nikamweleza habari yote ya Lusia.

"Hiyo ndogo. Keshokutwa njoo uchukue kisu chako."

"Sitaki unitengenezee. Nataka kutengeneza mwenyewe."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Kwa nini?"

"Kwa sababu cha kwako ataniambia asante."

Sijui kama alielewa. Alicheka, akasema ng'ombe hazeeki maini, kisha akanitupia aproni ya turubai. Ndivyo nilivyoanza.

Chuma kilikuwa kipande cha springi ya lori la magogo, springi iliyovunjika barabara ya Sao Hill. Nilikiweka motoni nikapuliza. Kikawa cheusi, kikawa chekundu cha damu, kikawa rangi ya chungwa, na mimi nimesimama pale sikumbuki hata baridi ya Julai iliyonileta nimevaa masweta mawili. Andendekisye akapiga kelele, "Piga sasa! Unaangalia nini?" Nikakitoa kwa koleo, nikapiga. Haki ya Mungu, kilisogea! Chuma kilichobeba magogo miaka na miaka, kilisogea chini ya nyundo yangu mimi, mtu wa chaki. Nilisimama nikatazama alama ya nyundo. Fundi akanikumbusha kwamba chuma hakimsubiri mtu ashangae.

Nilipiga wiki mbili. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, yakaota mengine. Wapakiaji wa mbao walikuwa wanapita wanauliza, "Mwalimu, leo unaua nyoka gani?" Mara ya tatu nilimrushia mmoja gunzi. Nina hasira za karibu, Lusia mwenyewe anajua.

Siku ya kukomaza chuma, yaani kukipa ugumu, fundi alinipa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio, ameifunga kwenye waya mrefu. Akaniambia niigusishe kwenye kisu kabla hakijaingia motoni. Ikang'ang'ania. Tukapasha. Nikagusisha tena, ikang'ang'ania bado. Tukapasha mpaka rangi ikawa ya cheri lililoiva, nikagusisha, na sumaku ikateleza ikaning'inia bure.

"Imeharibika hii," nikasema.

"Haijaharibika. Chuma ndo kimesahau kama ni chuma. Hapohapo unazamisha."

Nikakizamisha kwenye ndoo ya mafuta ya alizeti aliyoyapata kwa muuza chipsi. Ukapanda moshi na ulimi wa moto, kibanda kizima kikanukia chipsi, nami nikaruka nyuma nikaenda nje kutafuta pumzi. Kazi ya kukirudisha kwenye joto dogo, ili kisivunjike kirahisi, alinimalizia yeye. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gogo nafikiria ile sumaku. Miaka yote hii nimeishi na vijiko na masufuria na majembe, na sikujua kuna mahali ndani ya moto ambapo chuma kinasahau.

Baada ya wiki ya tatu nilikuwa na kisu. Nilikipima kwa rula: sentimita kumi na nane, kimenyooka. Mpini wa mkaratusi, mnene, nimeupiga msasa mpaka unateleza. Pamoja nacho nilitengeneza ubao wenye msumari katikati wa kuchomekea mboga isihame, ili mtu akate kwa mkono mmoja, wa kushoto. Niliona nimemaliza akili zote za duniani.

Nikakiweka kitandani mbele yake, juu ya kitambaa cheupe.

"Kizuri," Lusia akasema. "Asante."

Nikaharakisha kumwonyesha ubao. Nikamweleza msumari. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hiki ni kisu cha mkono wa kushoto," akasema.

"Ndiyo, mama. Maana wa kulia..."

"Wa kulia umefanyaje?"

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye busara angenyamaza, au angekohoa. Mimi nikajibu swali, mwalimu mjinga mimi. "Wa kulia si umekufa, Mama Aroni."

Alinitazama. Kisha akageukia ukuta, pole pole, kwa sababu kugeuka kwenyewe ni kazi. Nilibaki nimesimama na ubao wangu wenye msumari. Nikaupeleka uani nikaupasua kuni.

Asubuhi yake nilikuwa namwosha, kama kila siku. Maji ya vuguvugu, kitambaa. Nilikuwa na haya, sikutaka kumwangalia usoni, na kwa haya hiyo nikasahau kuinamisha kiganja. Nikaingiza kitambaa kwenye ngumi hivihivi, nikataka kukitoa. Hakikutoka. Nikavuta. Hakikutoka. Nikavuta kwa mikono miwili, na Lusia mzima akanyanyuka kutoka kwenye mto, akaja mpaka karibu na kifua changu.

Tukatazamana.

"Vuta tena," akasema.

"Nitakuumiza."

"Nimesema vuta."

Nikavuta. Mikono yangu ya wiki tatu za nyundo, yenye sugu mpya, na ule mkono haukuachia hata uzi. Mwaka mzima na zaidi tumeuosha, tumeukausha, tumeulaza juu ya mto, tumeuzungumzia kama mgeni asiye na faida, na kumbe ulikuwa na nguvu kuliko mimi.

"Haujafa huu," Lusia akasema. "Umefumba tu." Na kabla sijapata la kusema akaongeza, "Na kisu chako kina mpini mnene. Nani alikwambia mkono wangu ni wa mpasua mbao?"

Mama yangu! Amenisema! Nilitaka kwenda kugonga kengele ya kanisa la kigango.

Akaanza kutoa amri. Mpini uwe bapa, mwembamba, uingie kwenye ngumi kutokea ubavuni. Kisu kisimame wima ngumi ikiwa imelala mezani. Na makali yaelekee kushoto.

"Kushoto? Ulipo mkono wako mzima?"

"Kwani miaka arobaini nilipokuwa nakata mboga makali yalikuwa yanaelekea wapi? Iringa mjini?"

Ikabaki kazi ya kujua ukubwa wa nafasi iliyoko ndani ya ngumi. Nikaenda kuchukua rula. Akaniambia niache upuuzi, nimwite Eveline alete ugali.

"Shangazi, ugali wa jana?" Eveline akauliza mlangoni, macho yamemtoka.

"Wa jana ndio mzuri. Umekaza."

Tukainamisha kiganja, vidole vikalegea, nikaweka tonge ndani. Ngumi ikafunga. Tulipolitoa, tonge lilikuwa na alama zote: vidole vinne upande mmoja, mto wa kiganja upande wa pili, na katikati njia nyembamba iliyopinda. Hakuna mpini sokoni uliopinda vile. Nikalifunga kwenye kitambaa, nikalipeleka kwa Andendekisye nimelibeba kwa mikono miwili mbele ya wapakiaji wote, na siku hiyo sikujali wanacheka nini.

Yeye hakucheka. Aliligeuzageuza lile tonge muda mrefu. "Mwe," akasema. "Huu ndo mkono wenyewe." Kisha akashika kisu changu. "Sasa sikia, Mwalimu. Kukipinda mkia huu unaoingia kwenye mpini, lazima kirudi motoni. Kikirudi, ugumu wote unakufa, tunakomaza upya. Na chuma kilichokwisha komazwa ukikizamisha mara ya pili kinaweza kupasuka. Nikutafutie kipande kingine?"

Kipande kingine ni wiki tatu nyingine. Nilimfikiria Lusia kitandani, akinisubiri, na nilijua kusubiri kwenyewe ni kugeni kwake. Kwa wiki tatu angeweza kuchoka kusubiri. "Kirudi," nikasema.

Nikang'oa mpini. Nikakirudisha motoni kisu changu kilichong'aa, na kiling'ara dakika moja tu, kisha kikawa cheusi cha masizi. Nilisikia uchungu. Kilipoiva nikakipinda mkia kidogo kidogo, nikikifananisha na tonge, napasha, napinda, napasha. Halafu sumaku. Safari hii nilijua ninachosubiri, na bado iliponing'inia bure nilishtuka. Nikakizamisha kwenye mafuta wima, sikuruka nyuma. Nikasikiliza. Fundi alikuwa amenieleza kwamba kikipasuka kinalia kwa sauti ndogo, ting, na hapo huna la kufanya. Mafuta yalichemka, yakatulia. Hakikulia.

"Bado," fundi akasema. "Sasa hivi kigumu mno, ukikiangusha kinavunjika. Kirudishe joto dogo. Mwenyewe."

Nikasugua mavi ya chuma kwa msasa mpaka upande mmoja ukawa mweupe. Akaweka kipande kinene cha chuma chenye moto, akaniambia nilaze mgongo wa kisu juu yake, makali yabaki hewani, niangalie rangi. Itaanza njano ya bua la mahindi, itafuata kahawia, kisha zambarau, kisha bluu. Kahawia ikifika kwenye makali, nizamishe. Ikipita, kisu ni cha kukatia siagi. Alipomaliza kusema hivyo akanigeuzia mgongo, akaanza kufagia.

"Wewe si uangalie!" nikamwambia.

"Mkono wa mke wako, Mwalimu. Si wangu."

Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu ikaja. Kutoka kwenye mgongo wa kisu, rangi ya njano ilitokea yenyewe ndani ya chuma cheupe, hakuna aliyeipaka, ikaanza kutembea. Nyuma yake ikaja kahawia. Nyuma ya kahawia zambarau ambayo sijaiona hata kwenye vitenge, na nyuma yake bluu, zote zimeshikana, zinatembea pamoja kuelekea kwenye makali, kimya kabisa. Nimesali maisha yangu yote, nimeinama mbele ya altare kila Jumapili, na sijui kama niliwahi kuinamia kitu kwa moyo wote namna ile. Nilitaka kumwita mtu aje aone. Nilitaka rangi zisimame nizitazame mpaka jioni. Na palepale nikakumbuka kwamba njano imeshafika kwenye makali na inapotea, kahawia inaingia, na kwamba nisiponyoosha mkono sasa hivi nitakuwa nimekiua kisu kwa kukistaajabia. Nikakikamata kwa koleo, nikazamisha.

Andendekisye akaja, akakipitishia tupa kwenye makali. Tupa iliuma kidogo tu, ikateleza. Akarudia. "Ndaga fijo," akasema, akanipa mkono wake mweusi wa masizi. Nikamwuliza ananishukuru kwa nini. Akasema hajui, imemtoka tu.

Mpini nilichonga kwa kufuata tonge, siku mbili. Jumamosi nikakinoa, nikakileta.

Lusia alikuwa ametolewa. Amekaa jikoni kwenye kiti, fimbo imeegemezwa ukutani, mbele yake meza, bakuli, na fungu la chainizi lililooshwa. Eveline alikuwa amesimama pembeni, hajui aweke wapi mikono yake. Nikakiweka kisu mezani, maana kisu hakipokezwi mkononi, wazee wanasema mtagombana. Kikakaa pale. Tukakitazama wote watatu. Hakuna namna angekiokota kwa mkono ule.

"Mila ipumzike," Lusia akasema. "Nipe."

Nikainamisha kiganja chake. Vidole vikalegea. Nikaingiza mpini ubavuni, nikanyoosha kiganja, na ngumi ikafunga. Niliona ikifunga. Kila kidole kilienda mahali pake. Nikashika ubapa wa kisu kujaribu kukitikisa, hakikutikisika.

Akauegemeza mkono kwenye ukingo wa meza, kisu kimesimama wima. Nikasubiri aanze kukisogeza, na moyoni nikajua hataweza, bega lile halina mwendo wa kukata. Hakukisogeza. Alichukua mboga kwa mkono wa kushoto, akaibana kwenye kifua mpaka ikakaza, akaipeleka kwenye makali.

Kisu kilisimama. Mboga ndiyo iliyokwenda.

Mimi nilikuwa sijawahi kufikiria hivyo. Wiki zote zile za moto na nyundo, kichwani mwangu kisu ni kitu kinachokwenda. Yeye alikuwa ameshajua tangu siku ya kitambaa. Vipande vya kwanza vilidondoka vinene, vimepinda, kimoja kikaanguka sakafuni. Akapumua. Akapeleka tena. Akabadilisha kidole gumba, akasogeza kiwiko, jasho likamtoka juu ya mdomo. Vikawa vyembamba. Fungu la pili zilidondoka nyuzi. Nyuzi kabisa, za kijani, zinaanguka bakulini bila sauti, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza habari njema kutoka mbali. Eveline alijifunika mdomo kwa kitenge. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta.

Fungu la tatu likaisha. Bakuli limejaa. Nikaona amechoka, na ngumi ile haiwezi kujifungua yenyewe. Nikasogea.

"Nikutolee, Mama Aroni? Upumzike?"

Akakivuta kisu karibu na kifua chake.

"Ukiguse uone," akasema. "Kabichi iko wapi?"

Nikatoka mbio uani kuifuata, mzee mzima, nimefika bustanini nimesahau kabichi inafananaje.